Sweta Kambani

Kagwiria wa duka la fotokopi, Ngara,
huniuliza kila nikimpelekea karatasi zangu:
"Mbona hadithi zako zote zinaishia kaburini?
Mbona hawa wasichana wawili hawafiki hata Jumapili?"
Nami humlipa shilingi tano kwa kila ukurasa,
nikamwambia wino wake umefifia.

Nitamjibu hapa, ambapo hatasoma.

Kuna moja ya kurasa sita. Ghorofa ya Huruma,
wawili wanakaa chumba namba kumi na nne,
kitanda kimoja, na godoro la pili
limesimamishwa ukutani
ili mgeni akija ahesabu magodoro mawili.
Hapo tu, kwenye godoro lile, nilikuwa nimeshaamini.
Mzimu hata hajaingia.

Mmoja anakufa. Nani alimsukuma ngazini, mwandishi hasemi.
Kesho yake sweta lake la kijani liko kambani juu ya paa,
linachuruzika, na mvua haijanyesha tangu Mei.
Unajua nguo za kambani Nairobi: linaibwa.
Na kila aliyeliiba, akilivaa,
saa nane usiku anashuka ngazi miguu mitupu
na kugonga namba kumi na nne.
Mama mwenye nyumba. Mzee wa kanisa.
Kijana wa bodaboda aliyewatemea mate.
Wote kwa sauti moja, ya marehemu, ya kubembeleza:
Mumbe, nifungulie. Mumbe wangu, kuna baridi.

Ukurasa wa sita Mumbe anafungua.
Hakuna mtu, ni sweta, linasimama lenyewe.
Analivaa. Vifungo vinajifunga kuanzia chini
mpaka shingoni,
na havikomei hapo.

Nililala taa ikiwaka, tokeni zikaisha.

Sipendi damu mimi. Kuku akichinjwa nageuza uso.
Lakini Mkawasi alipofariki, hospitalini, homa ya mapafu,
kifo cha kawaida kisicho na hadithi,
kwenye kijitabu cha mazishi waliniandika chini kabisa,
baada ya chama, baada ya majirani wa shangazi yake:
rafiki.
Miaka tisa. Nikapewa soda na kiti cha plastiki.
Nililia kwa kipimo cha rafiki, leso moja,
kisha nikaenda kusaidia kuosha sufuria.
Mficha maradhi, wanasema, kifo humfichua.
Uongo. Sisi kifo kilitusitiri vizuri kuliko pazia.

Basi usiniletee ya wawili waliohamia mbali
wakapanda waridi barazani.
Nitaisoma, nitaitakia heri,
kama mtu anayetazama keki dirishani tarehe ishirini na tatu.
Njaa yangu ni nyingine.
Nataka marehemu anayekataa kuwa rafiki,
anayerudi na udongo kwenye kucha
akapita mlango wa mamake, akapita wa kasisi,
akagonga wangu,
na jengo zima lisikie ni mlango gani.

Na iwe fupi. Riwaya ingenifundisha kuzoea,
ingeniletea sura ya kumi na mbili, jirani mwema,
mbwa.
Fupi inanitoa mkono wakati mlango ndio kwanza unafunguka.

Alhamisi nilianua nguo zangu zote hapa Pangani,
shuka, soksi, hata taulo bichi.
Nikaacha la kwake, la zambarau, kiwiko kimetoboka,
bila kibanio, kwenye kamba iliyo karibu na ngazi.
Nikakaa macho.
Saa nane. Saa tisa. Mlinzi akikohoa getini.

Leo ni usiku wa nne. Limekauka kama kawaida.
Hata mwizi hajalitaka.